Rotary: maswali ambayo watu huyauliza kila mara

Ukivaa kibeji cha gurudumu la dhahabu kwenye koti, jiandae kuulizwa: kwenye daladala, msibani, kwenye foleni ya benki. Maswali yenyewe hayabadiliki sana. Tumeyakusanya hapa na kuyapa namba, kuanzia yale ya mgeni kabisa hadi yale yanayoulizwa kwa kunong'ona. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utatajiwa namba ya swali la kusoma.

## Mambo ya msingi

1. Rotary ni nini hasa?

Ni mtandao wa klabu za watu wenye shughuli zao (mwalimu, fundi, daktari, mwenye duka, mhasibu) wanaokutana mara kwa mara na kufanya kazi za kujitolea. Wanachama ni takriban milioni 1.2, na klabu zimesambaa katika nchi na maeneo zaidi ya 200.

Jambo linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba klabu ni tawi la makao makuu. Sivyo. Kila klabu ina viongozi wake, akaunti yake ya benki na miradi yake. Rotary International, yenye ofisi Evanston, Illinois, kaskazini tu mwa Chicago, ni muungano wa klabu hizo, na mwanachama wake kwa katiba ni klabu, si mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo ukisikia "Rotary wamejenga choo cha shule", uliza ni klabu ipi. Huko ndiko kuliko na majibu ya maswali yako yote.

2. Je, ni shirika la dini au chama cha siasa?

Hapana kwa yote mawili. Ndani ya klabu moja utakuta Mwislamu, Mkristo, Mhindu na asiyefuata dini. Klabu hairuhusiwi kumuunga mkono mgombea wala chama. Mwanasiasa anaweza kuwa mwanachama kama raia mwingine, ila kampeni huziacha nje ya mlango. Wanaodhani kuna dini ya siri waende swali la 23.

3. Jina lilitoka wapi, na lile gurudumu lina maana gani?

Klabu ya kwanza haikuwa na ukumbi. Wanachama walikutana leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mkutano ukizunguka. Neno la Kiingereza la kuzunguka kwa zamu likawa jina.

Gurudumu nalo lilianza kama gurudumu la mkokoteni, likageuzwa kuwa la mashine: meno 24, mikono sita. Ukiliangalia kwa karibu, kwenye tundu la katikati kuna mchongo mdogo wa mraba. Uliongezwa miaka ya 1920 baada ya wenye jicho la ufundi kuonyesha kwamba gurudumu lisilo na mchongo huo haliwezi kushikana na mhimili wake. Litazunguka bure bila kusukuma chochote. Fundi yeyote wa gereji atakuelewesha maana yake haraka kuliko hotuba.

4. Kuna tofauti gani kati ya Rotary, Lions na Kiwanis?

Ni kama ndugu waliozaliwa karibu karibu. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, Kiwanis Detroit mwaka 1915, na Lions ikaanzishwa Chicago mwaka 1917 na Melvin Jones, aliyekuwa na biashara ya bima. Lions wanajulikana zaidi kwa kazi ya macho, tangu Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, alipowaomba mwaka 1925 wawe watetezi wa wasioona. Kiwanis wameelekeza nguvu kwa watoto. Rotary wanajulikana kwa polio (maswali ya 12 hadi 14). Mtaani watu huwachanganya, na kambi ya macho ya Lions ikasifiwa kuwa ya Rotary au kinyume chake. Hakuna anayegombana sana juu ya hilo.

## Ilivyoanza

5. Nani alianzisha Rotary?

Mwanasheria mmoja mpweke. Paul Harris alizaliwa Racine, Wisconsin, mwaka 1868, akalelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Wallingford, Vermont, mahali ambapo kila mtu alimjua mwenzake. Alipofungua ofisi Chicago alikuta jiji kubwa lenye wateja wengi na marafiki wachache. Wazo lake lilikuwa dogo tu: kukusanya watu wa kazi mbalimbali, mmoja kwa kila kazi, waishi mjini kama watu wa kijiji kimoja.

Jioni ya Februari 23, 1905, watu wanne walikutana chumba namba 711 katika jengo la Unity, mtaa wa Dearborn: Harris mwenyewe, Silvester Schiele mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey mshona nguo. Ofisi ilikuwa ya Loehr. Wengi hudhani Harris ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa klabu, kumbe alikuwa Schiele. Loehr na Shorey hawakudumu. Waliondoka mapema, na majina yao yamebaki kwenye historia kwa sababu ya jioni hiyo.

6. Kwa hiyo ilianza kama klabu ya kusaidiana biashara?

Ndiyo, na hakuna haja ya kulificha. Mwanzoni wanachama walipeana wateja: mwenye makaa anunue suti kwa mshonaji, mshonaji amtumie mwanasheria yuleyule. Ilikuwa karibu na kile tunachokiita kwetu kujuana.

Kilichogeuza mambo ni choo. Mwaka 1907 klabu ya Chicago ilishiriki kushinikiza jiji lijenge vyoo vya umma katikati ya mji, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kazi yao ya kwanza ya kijamii. Napenda sana kwamba historia ya shirika hili kubwa inaanzia chooni, si kwenye jengo la marumaru. Kauli mbiu ya kuweka huduma mbele ya nafsi ilikuja baadaye, ikapitishwa rasmi mwaka 1950.

7. Ilifikaje Afrika?

Klabu ya pili ilianza San Francisco mwaka 1908. Winnipeg, Kanada, iliifanya kuwa ya kimataifa, Dublin ikafuata mwaka 1911, na jina fupi la Rotary International likaanza kutumika mwaka 1922. Barani Afrika ya kwanza ilikuwa Johannesburg mwaka 1921. Kwa upande wetu, Nairobi ilipata klabu mwaka 1930.

Tarehe hiyo inajieleza. Nairobi ya 1930 ilikuwa mji wa mkoloni, na klabu zake za starehe na za huduma zilikuwa za wenye mji. Klabu unazoziona leo Kisumu, Mwanza, Mbarara au Kigali ni kitu kingine kabisa, lakini ile sura ya "klabu ya wazungu" ilikaa vichwani kwa muda mrefu, na ndiyo sababu mojawapo ya swali la 24.

8. Je, wanawake wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa, lakini walilazimika kupita mahakamani. Klabu ya Duarte, mji mdogo wa California, ilipokea wanawake watatu mwaka 1977. Mwaka uliofuata Rotary International ikaifutia hati yake ya uanachama. Wanachama hawakutawanyika: waliendelea kukutana, wakaweka alama ya X kwenye beji zao kuonyesha kwamba wao ni "waliokuwa Rotary", na wakafungua kesi. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Mei 4, 1987 iliamua kwamba sheria ya California ya kukataza ubaguzi inaihusu Rotary pia. Hakuna jaji aliyepinga. Mwaka huohuo Sylvia Whitlock akawa rais wa klabu ya Duarte, mwanamke wa kwanza kuongoza klabu ya Rotary, na mwaka 1989 baraza la kutunga kanuni likafuta kipengele cha wanaume pekee duniani kote.

Ilichukua hadi 2022 kumpata rais wa dunia mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada. Yaani miaka 117 tangu ile jioni ya watu wanne. Anayetaka kusifia mwendo huo asifie; mimi naona ulikuwa wa kobe.

## Fedha na miradi

9. Fedha zinatoka wapi?

Kuna mifuko miwili, na watu huichanganya. Wa kwanza ni wa klabu: ada za wanachama, harambee, mbio za hisani, chakula cha jioni cha kuchangisha. Wa pili ni Mfuko wa Rotary wa dunia. Wazo la huo lilitolewa na Arch Klumph, rais wa Rotary wakati huo, mwaka 1917, na mchango wa kwanza kuingia, kutoka klabu ya Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50. Paul Harris alipofariki Januari 1947, michango ya rambirambi ilimiminika kwenye mfuko huo, na mwaka huohuo wanafunzi 18 wakapata ufadhili wa kusoma nje ya nchi zao.

Leo mwanachama akichanga kwenye fungu la mwaka, fedha huwekezwa kwa miaka mitatu, kisha takriban nusu yake hurudi kwenye wilaya ilikotoka kwa ajili ya miradi. (Wilaya hapa si ya mkuu wa wilaya! Ni kundi la klabu chini ya gavana anayehudumu mwaka mmoja.) Nusu nyingine hubaki kwenye Mfuko wa Dunia, yaani fungu la pamoja ndani ya huo Mfuko wa Rotary.

10. Ruzuku ya kimataifa inafanyaje kazi?

Lazima klabu au wilaya za nchi mbili zishirikiane: moja mahali mradi ulipo, nyingine ng'ambo. Bajeti isipungue dola 30,000. Fedha za fungu la wilaya (ile nusu inayorudi, swali la 9) zinapowekwa mezani, Mfuko wa Dunia huongeza asilimia 80 juu yake. Kwa mfano, wilaya yenye klabu za Moshi na wenzao wa Ujerumani wakitoa jumla ya dola 20,000, Mfuko unaongeza 16,000 na mradi unakuwa na 36,000.

Kabla ya hapo klabu inatakiwa kwenda kwa wananchi kuuliza wanahitaji nini, na kuandika ripoti yake. Hatua hii huwachosha watu, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mashine ya maabara iliyoletwa hospitali isiyo na umeme wa uhakika haimsaidii mgonjwa hata ikiwa na kibandiko kizuri. Mradi pia sharti uingie katika mojawapo ya maeneo saba: amani, magonjwa, maji na usafi, mama na mtoto, elimu, uchumi wa jamii, na mazingira, ambalo ndilo la mwisho kuongezwa.

11. Kijiji chetu kinahitaji kisima. Tunaomba vipi?

Msiandike Evanston. Barua itarudishwa kwenye klabu iliyo karibu nanyi, na mtakuwa mmepoteza miezi. Nendeni kwenye klabu ya mji wa jirani, hudhurieni mkutano, elezeni tatizo kwa ufupi. Mtaulizwa mambo matatu kabla ya fedha: ardhi ni ya nani, nani atasimamia kisima, na pampu ikiharibika nani atanunua vipuri. Wenye kamati ya maji iliyochaguliwa na daftari la michango ya kila kaya husikilizwa haraka kuliko wenye barua yenye mihuri mingi.

Kwa mtu binafsi jibu ni fupi: Mfuko hautoi mtaji wa biashara, mkopo wala ada ya mtoto mmoja mmoja kwa ombi la barua pepe. Klabu moja moja huweza kumsaidia mgonjwa au mwanafunzi wa eneo lake kwa uamuzi wake yenyewe. Ujumbe wa simu unaodai kinyume chake umeelezwa swali la 26.

## Polio

12. Kwa nini Rotary na polio hutajwa pamoja?

Kwa sababu walilishika jambo hili wakati wengi hawakuamini linawezekana. Mwaka 1979 walianza Ufilipino, wakikubaliana na serikali kuwachanja watoto wapatao milioni sita. Walipoona imewezekana wakatangaza mwaka 1985 mpango wa dunia nzima ulioitwa PolioPlus na kuahidi kuchangisha dola milioni 120. Kufikia 1988 walikuwa wamepata milioni 247. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa waliungana nao kuanzisha mpango wa kutokomeza polio. Taasisi ya Gates, na baadaye shirika la chanjo la Gavi, wakajiunga.

Wakati mpango unaanza, polio ilikuwa inapoozesha watoto takriban 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Wazee wetu hawahitaji takwimu. Kila mtaa ulikuwa na mtu wa baiskeli ya miguu mitatu inayosukumwa kwa mikono. Watoto wa leo hawajui baiskeli hiyo ilikuwa ya nini.

Mchango wa Rotary tangu hapo umepita dola bilioni 2. Lakini ukiniuliza, fedha ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kwamba klabu zilikuwa tayari kila mahali: mwanachama mwenye lori alisafirisha masanduku ya barafu, mwenye redio alitoa muda wa tangazo, anayejuana na waziri alipiga simu. Kule kujuana kwa 1905 (swali la 6) kulipata kazi ya maana.

13. Je, polio imekwisha Afrika?

Virusi vya asili (visivyotokana na chanjo, swali la 14), ndiyo: Agosti 25, 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru navyo, miaka minne baada ya wagonjwa wa mwisho kuonekana Nigeria. Aina ya pili ya virusi vya asili ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2015, ya tatu mwaka 2019. Iliyobaki ni aina ya kwanza, na ngome zake ni Pakistani na Afghanistan.

Kisha kuna "ila". Mwaka 2022 virusi vilivyotoka Pakistani viligunduliwa Malawi, halafu Msumbiji. Kampeni za nyumba kwa nyumba zilirudi upesi hadi Tanzania: matone mawili mdomoni, wino kidoleni, alama ya chaki mlangoni. Uthibitisho wa Afrika haukufutwa kwa sababu virusi vilikuwa vya kuletwa.

14. Mbona tunasikia polio imetokana na chanjo yenyewe?

Swali hili linastahili jibu la wazi, maana linapotoshwa sana. Chanjo ya matone ina virusi vilivyodhoofishwa. Mtoto aliyechanjwa huvitoa kwa njia ya haja, na pale penye watoto wengi wasiochanjwa na vyoo vibovu, virusi hivyo vinaweza kuzunguka kwa mtu hadi mtu kwa muda mrefu mpaka vikapata tena nguvu ya kupoozesha. Burundi ilitangaza mlipuko wa namna hiyo Machi 2023.

Maana yake ni nini? Virusi hivi hupata nafasi pale wengi wanapokosa chanjo, na dawa yake ni kuchanja zaidi. Chanjo mpya ya matone ya aina ya pili imetengenezwa iwe tulivu zaidi, ingawa haiondoi hatari yote. Chanjo ya sindano haina virusi hai kabisa, ndiyo maana kliniki zetu humpa mtoto zote mbili. Anayekuambia uache matone kwa sababu ya habari hii amesoma nusu ya ukurasa.

## Huku kwetu

15. Afrika Mashariki wamefanya nini cha kuonekana?

Vingi ni vidogo: madawati, matangi ya maji ya mvua, kambi za matibabu za Jumamosi. Vikubwa vinavyojulikana ni pamoja na benki ya damu katika Hospitali ya Mengo, Kampala, mbio za Uganda za kuchangia matibabu ya saratani zilizoanza mwaka 2012, na marathon ya Rotary ya Dar es Salaam inayokimbiwa Siku ya Nyerere, Oktoba 14.

Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha amani cha Rotary, cha kwanza barani, kilichopokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 2021. Kinawafundisha watu ambao tayari wako kazini: wasuluhishi, maofisa wa mashirika, wanahabari.

Kiutawala, mwaka 2013 wilaya moja iliyobeba Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Eritrea ilikuwa imejaa mno, ikagawanywa. Kenya ikabaki na majirani wa kaskazini. Uganda na Tanzania zikaenda pamoja, na nazo baadaye zikagawanywa tena kwa wingi wa klabu. Uganda ndiyo inayoongoza kwa ari. Anayebisha ahudhurie mkutano mmoja Kampala asikie wanavyoimba.

16. Ni kweli Mganda aliwahi kuwa rais wa Rotary duniani?

Nusu ni kweli. Sam Owori wa klabu ya Kampala, mtu wa benki aliyegeukia kufundisha utawala bora wa makampuni, alichaguliwa kuongoza kipindi cha 2018-19. Alifariki Julai 2017, akiwa rais mteule, baada ya upasuaji nchini Marekani. Nafasi ikachukuliwa na Barry Rassin wa Bahamas. Mwafrika wa kwanza kukalia kiti chenyewe alikuwa Jonathan Majiyagbe, mwanasheria wa Nigeria, mwaka 2003-04.

## Kujiunga

17. Nifanyeje ili niwe mwanachama?

Kwa kawaida hualikwa na mwanachama, unahudhuria mara kadhaa kama mgeni, kisha klabu inaamua. Usipomjua yeyote, nenda tu. Klabu zina njaa ya wanachama na mgeni hupewa kiti cha mbele. Tembelea klabu mbili au tatu kabla ya kuamua. Moja ni ya wazee wa chakula cha mchana hotelini, nyingine ni ya vijana wanaokutana jioni kwa chai, na zipo zinazokutana mtandaoni tu.

18. Inagharimu kiasi gani?

Sehemu inayokwenda makao makuu haifiki dola 100 kwa mwaka. Juu yake kuna ya wilaya na ya klabu, na hapo ndipo tofauti ilipo. Klabu inayokula hotelini kila wiki itakutoza chakula hata usipokula. Inayokutana ukumbi wa shule haikutozi. Uliza kabla hujaapishwa: ada ya mwaka jumla ni ngapi, na mwaka jana mwanachama wa kawaida alichangia nini zaidi? Kuuliza si ubahili. Wengi huacha kimyakimya mwaka wa pili kwa kuona aibu ya madeni.

19. Mimi ni mwanafunzi, nina nafasi?

Ipo Interact kwa wa umri wa sekondari, iliyoanza mwaka 1962, na Rotaract kwa vijana, iliyoanza Charlotte, North Carolina, mwaka 1968. Rotaract zamani ilihesabiwa mradi wa Rotary. Mwaka 2019 baraza la kutunga kanuni lilizitambua klabu zake kuwa wanachama wa muungano. Vyuoni kwetu mara nyingi ndiyo yenye nguvu kuliko klabu mama, kasoro fedha.

20. Mkutano unakuwaje?

Kengele inagongwa, wageni wanatambulishwa, miradi inaripotiwa, mzungumzaji anapewa kama dakika ishirini, kengele tena. Aliyetoka klabu ya mbali hubadilishana vibendera na mwenyeji. Katikati anasimama sajenti, ambaye kazi yake ni kutoza faini: umechelewa, faini, simu imelia, faini, picha yako imetoka gazetini, faini mara mbili. Fedha huenda kwenye mradi. Mgeni asiogope, hatozwi, isipokuwa akijipendekeza.

21. Yale maswali manne wanayosoma kwa pamoja ni nini?

Ni kipimo cha jambo unalotaka kusema au kutenda: ni kweli? ni haki kwa wote wanaohusika? kitajenga urafiki na nia njema? kitawanufaisha wote? Kilitungwa mwaka 1932 na Herbert Taylor wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, alipopewa kampuni ya sufuria za alumini iliyokuwa inafilisika. Rotary ilikichukua mwaka 1943. Watu huuliza kama ni sala. Ni agizo la mfanyabiashara kwa wafanyakazi wake; limekuja kusomwa kama sala kwa mazoea tu.

22. Nikihamishwa kikazi?

Unaaga, klabu inakuandikia barua, unaomba kujiunga na klabu ya huko. Ukiwa safarini unaweza kuhudhuria klabu yoyote duniani. Kanuni ya zamani ya kuhesabu mahudhurio kwa ukali ililegezwa mwaka 2016, na sasa klabu hujipangia.

## Maswali ya kunong'ona

23. Semeni ukweli: Rotary ni Freemason?

Hapana. Orodha ya viongozi iko wazi, kanuni zimechapishwa, mikutano hupokea wageni, na hakuna viapo vya siri wala ngazi za kupanda. Hofu hii si ya kwetu pekee wala si mpya. Mwaka 1929 Vatikani iliwashauri maaskofu wasiwaruhusu mapadri kujiunga, na mwaka 1951 ikakataza moja kwa moja. Upepo uligeuka baadaye: Aprili 30, 2016 maelfu ya Warotari walikusanyika uwanja wa Mtakatifu Petro katika Jubilei iliyoongozwa na Papa Fransisko.

Wanazi nao waliituhumu mambo yaleyale. Klabu ya Munich ilimfukuza mwandishi Thomas Mann mwaka 1933 ili kujipendekeza kwa watawala, na haikuisaidia: kufikia 1937 klabu za Ujerumani zilikuwa zimevunjwa. Kisa hicho hakiipi Rotary sifa, na wenyewe siku hizi wanakisimulia.

Huku kwetu tetesi hulishwa na kitu rahisi zaidi. Watu wenye magari wakijifungia hotelini na kengele, wasiposema wanafanya nini, mtaa utajaza pengo. Kwa hilo lawama ni ya klabu.

24. Si klabu ya matajiri wanaopiga picha na maskini?

Zipo klabu za namna hiyo. Utazijua kwa bango la makabidhiano lililo ghali kuliko magodoro yanayokabidhiwa. Zipo pia zenye wauguzi na walimu wanaochanga kidogo kidogo na kurudi kwenye shule ileile miaka kumi. Muundo wa Rotary unaruhusu zote mbili kuvaa beji moja, kwa sababu kila klabu inajitawala (swali la 1). Ndiyo maana ushauri wa swali la 17 ni kutembelea kabla ya kuamua.

25. Mbona kisima cha Rotary kijijini kwetu kilikufa?

Sababu ya kwanza ni ile ya swali la 11: hakukuwa na mwenye kununua vipuri. Ya pili haisemwi sana. Mwaka wa Rotary huanza Julai 1, na kila Julai rais hubadilika, gavana hubadilika, mkazo hubadilika. Rais mpya anataka mradi wake. Wa mwenzake unabaki yatima. Klabu zenye busara huweka kamati ya miaka mitatu na fungu dogo la kurudi kukagua. Kama kisima chenu kina kibao, soma jina la klabu na mwaka, kisha mtafute katibu wa sasa. Ukienda na picha ya pampu iliyokufa, hakuna wa kukukwepa.

26. Nimepata ujumbe kwamba nimechaguliwa kupokea fedha za Rotary, nitume kwanza ada ya usajili.

Usitume. Hakuna ruzuku inayotolewa kwa mtu kupitia ujumbe wa simu, na hakuna mnufaika anayelipa ili apokee. Jina na gurudumu huibwa kirahisi. Ukitaka uhakika, nenda kwenye mkutano wa klabu iliyo karibu, umwonyeshe katibu ujumbe huo ana kwa ana.

27. Naweza kusaidia bila kuwa mwanachama?

Unaweza, na wengi wa wanaofanya kazi halisi siku ya kambi au ya chanjo si wanachama: wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya wa kijiji, madereva, skauti. Iambie klabu unachojua kufanya na siku unazopatikana. Fundi bomba mmoja mwenye Jumamosi mbili kwa mwezi anatafutwa kuliko mgeni rasmi.